Kikopo cha poda na lipstiki za ujana wa mama: nisafishe au niache?

Kifungua_mimba

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua vipodozi vya zamani. Vitu ni vitatu, vyote vya mama enzi za usichana wake.

Cha kwanza ni kikopo cha poda cha kukunja, duara, kipenyo kama sentimita 7, chuma cha rangi ya dhahabu, mfuniko una ua la enameli (rangi ngumu kama kioo) ya bluu. Kioo cha ndani kina madoa meusi pembeni. Poda iliyogandamizwa imepasuka vipande vitatu, na katikati ina kishimo pale alipokuwa akichotea. Kipedi chake cha manyoya kipo. Bawaba inakwaruza na ina utando wa kijani kwenye kona. Pale kidole gumba kilipokuwa kikibonyeza kufungua, dhahabu imelika na rangi nyingine imetokea chini yake.

Cha pili ni lipstiki ya kasha la chuma, ya kuzungusha. Imetoa vitone kama jasho, upande mmoja una weupe, na imegoma kupanda. Ncha yake imelika mshazari.

Cha tatu ni kikopo kidogo cha krimu, kioo cheupe, karatasi imechakaa, jina halisomeki.

Maswali: nisafishe vipi bila kuharibu? Poda iliyopasuka inaungika? Lipstiki inapakika, au angalau naweza kupata rangi ileile mpya? Na poda bado inanukia. Nifanyeje harufu isipotee?

---

Ng'arisha_tu

Ndimu na chumvi, dakika tano, suuza. Kitang'aa kama kimetoka dukani leo. Au ile dawa ya kopo ya kung'arishia shaba.

---

Fundi_Bawaba

Ndugu yangu hapo juu, hapana. Kikopo hicho kwa maelezo yake ni shaba ya manjano iliyopakwa dhahabu juu. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Asidi ya ndimu inaila zinki ya juu na kuacha mabaka ya rangi ya waridi ambayo hayaondoki tena bila kusugua chuma chenyewe. Chumvi ni mbaya zaidi: inabaki kwenye vitundu na mishono, inavuta unyevu hewani, na baada ya wiki chache ukijani unarudi maradufu. Dawa ya kopo ina mchanga laini ndani yake. Tabaka la dhahabu ni jembamba mno kuliko unywele, kwa hiyo unachokiona kwenye kitambaa si uchafu peke yake, ni dhahabu inaondoka. Nyingi zina amonia pia, na amonia hupasua shaba ya manjano sehemu zilizokunjwa, yaani bawaba na ulimi wa kufungia. Halafu mabaki meupe yanajaa kuzunguka lile ua na hayatoki.

Sasa Kifungua_mimba, kabla hujashika kitambaa, piga picha. Kila upande, kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa, mwanga wa dirishani, rula ikiwa pembeni. Mwezi ujao picha ndiyo itakayokuambia kama lile doa lilikuwepo au limeota juzi.

Andaa glavu za nitrili, brashi laini ya kuchorea, vijiti vya meno vya mbao, pamba za masikio, spiriti ya asilimia 70, kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, na barakoa. Barakoa si mbwembwe. Poda nyingi za zamani msingi wake ni talki, na talki ya baadhi ya machimbo huja na asbesto, inayodhuru mapafu, kwa sababu madini hayo hupatikana kwenye miamba ileile. Kwa hiyo usipulize kwa mdomo, usikung'ute, usiwashe feni. Tandika mezani kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa ili vumbi linase hapo.

Toa kipedi kwanza, kiweke kando. Kisha angalia kisahani cha poda, kile cha bati kilichobeba poda yenyewe. Vikopo vingine vina pengo la ukucha pembeni au pete inayokishikilia. Kikiwa kimelegea kitoe kizima kizima, kikopo kikiwa kimelala mezani na si mkononi. Kikigoma usikingoe. Kata karatasi laini duara ya ukubwa wa poda, iweke juu, funika na kipande chembamba cha sponji, ufanye kazi pembeni yake.

Ule utando wa kijani: shaba ikikutana na asidi za mafuta zilizomo kwenye poda na kwenye jasho la vidole, hutengeneza kitu laini kama nta. Unaweza kukichota. Noa kijiti cha meno kiwe bapa kama patasi, sukuma polepole kuelekea nje ya bawaba, kisha pitisha pamba iliyochovywa kwenye spiriti na kukamuliwa. Pamba ikigeuka kijani itupe, chukua nyingine. Ukiirudia ileile unasambaza. Sindano na kisu marufuku, vinachora.

Bawaba inakwaruza kwa sababu imejaa poda. Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kutia tone la mafuta ya cherehani. Mafuta yakikutana na poda yanakuwa tope linalosaga pini ya bawaba, na siku ya joto yanatambaa mpaka kwenye poda na kuacha duara jeusi. Isugue kwa brashi kavu, fungua robo, sugua, fungua nusu, sugua tena, mpaka vumbi liishe. Ikibaki nzito kidogo, iache hivyo.

Enameli: kitambaa chenye unyevu wa maji matupu, kisha kavu, basi. Usizamishe kikopo kwenye maji. Enameli ya umri huo huwa na nyufa ambazo jicho halizioni, na maji yakiingia chini yake vipande vinabanduka.

Kioo: yale madoa meusi yapo nyuma ya kioo, kwenye tabaka la fedha au alumini linaloakisi. Unyevu umeingia kupitia ukingoni. Hakuna dawa ya kuyarudisha. Unachoweza ni kutoyaongeza: usinyunyizie kitu chochote, maana maji yanatiririka hadi ukingoni na kuingia nyuma. Pamba yenye spiriti kidogo, anzia katikati, zungusha kwenda nje, simama milimita 2 kabla ya ukingo.

Na pale kidole gumba kilipokula dhahabu, usipaguse. Kuna mafundi watakuambia wanaweza kupaka upya. Wanaweza kweli, ila kabla ya kupaka lazima wasugue chote, na wakimaliza utakuwa na kikopo cha dhahabu kizuri ambacho hakijawahi kufunguliwa na mtu.

---

Nta_na_Wanja

Nichukue lipstiki, maana Fundi amemaliza chuma.

Lile jasho ni mafuta. Lipstiki ni nta (ya nyuki, au ya mimea kama karnauba na kandelila) iliyoshikilia mafuta ndani yake, kwa kawaida mafuta ya mbarika, pamoja na rangi. Joto likipanda mafuta hutanuka, yanasukumwa nje. Likishuka hayarudi yote. Kwa hiyo kinachoiumiza zaidi ni joto kupanda na kushuka kila siku. Droo ya ndani, mbali na dirisha na ukuta unaopigwa na jua, inaishinda rafu ya bafuni.

Vitone hivyo usivifute kwa kitambaa, utachukua na rangi. Kata karatasi ya kunyonya, gusisha ncha yake kwenye kitone, subiri kinywewe, hamia kingine.

Weupe una maana mbili, na ni lazima ujue ni upi. Unaweza kuwa nta iliyotoka juu na kuganda, au ukungu. Nta huwa laini, imesambaa sawasawa, haina manyoya. Ukungu una visiwa vya duara na ukitazama kwa lenzi unaona nywele. Kipimo: pasha ncha ya sindano kwa maji ya moto, ikaushe, gusa sehemu ndogo kama nukta. Nta inayeyuka na kuwa angavu palepale. Ukungu hauyeyuki. Ikiwa ni nta, iache, haina madhara kwa kitu. Ikiwa ni ukungu, ifunge peke yake kwenye kichupa, isikae na kipedi cha manyoya.

Kugoma kupanda: nta iliyoganda imeziba mfereji ule wa kuzungushia. Ukilazimisha, kishikilio cha ndani kinazunguka na lipstiki inabaki, halafu inakatika shingoni. Ukitaka kujaribu, ifunge kwenye mfuko wa zipu, zamisha kitako tu kwenye maji ya sentigredi 40, dakika tano, kisha zungusha kwa vidole viwili tu. Lipstiki nyingi huyeyuka kati ya sentigredi 55 na 75, kwa hiyo 40 inalainisha bila kuyeyusha, lakini ya zamani iliyopoteza mafuta haitabiriki. Mimi ningeiacha palipo. Ncha iliyolika mshazari inaonekana hata ikiwa chini, na huo mshazari ndio unaoonyesha alikuwa akiipakaje: upande gani, kwa pembe gani. Kila mtu na wake.

Kupaka: hapana, hata mara moja, hata kwa picha. Mafuta yaliyochacha yanawasha na kuchubua midomo. Baadhi ya rangi za enzi hizo zimeshaondolewa kwenye orodha za zinazoruhusiwa. Kuna madini ya risasi pia, yanayoingia kama uchafu wa rangi za madini. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, tangu 2016 imependekeza yasizidi sehemu 10 kwa milioni kwenye vipodozi vya midomo, na ya zamani hujui ilikuwa nayo kiasi gani.

Kuhusu kutafuta rangi ileile, hapa watu wengi wanakosea, kwa sababu tatu.

Ya kwanza, wanalinganisha uso wa lipstiki. Uso umeoza kwa hewa, umekuwa mweusi kuliko ndani. Chota kiasi cha kichwa cha kiberiti kutoka chini kabisa, karibu na kishikilio, kwa kijiti cha meno, ukipake chembamba juu ya kipande cha kigae cheupe. Hapo ndipo rangi yenyewe ilipo. Linganisha saa za mchana karibu na dirisha, si chini ya taa.

Ya pili, lipstiki nyingi za zamani, hasa zile zilizokuwa zikisifiwa kuwa hazitoki, zilitumia rangi za jamii ya eosini. Hizi hazikai juu ya mdomo tu, zinaingia kwenye ngozi na kubadilika humo. Ndiyo siri ya ile lipstiki ya kijani inayogeuka waridi mdomoni. Kwa hiyo kijiti kinaweza kuwa cha chungwa na mdomo ukawa wa waridi iliyokolea. Utajua hivi: ule mpako wa kwenye kigae, chukua kidogo usugue kwenye karatasi nyeupe ya kufutia, kisha ondoa nta kwa pamba kavu. Kikibaki kivuli cha waridi kilichoingia ndani ya karatasi, umepata eosini, na unahitaji kutafuta rangi mbili: ya kupaka na ile inayobaki baada ya kufuta. Usiijaribie kwenye ngozi.

Ya tatu, wanatumia picha. Picha za rangi za zamani zilizotunzwa gizani kwenye albamu hupoteza kwanza rangi ya samawati, kwa hiyo picha nzima inaegemea wekundu. Ngozi inakuwa nyekundu, ukuta unakuwa wa waridi, na mdomo unakuwa mwekundu kuliko ulivyokuwa. Ukitaka kuitumia, tafuta kwenye picha hiyohiyo kitu unachojua kilikuwa cheupe, kola ya shati au karatasi, uone kimeegemea wapi, kisha urekebishe hapo kwanza.

---

MtunzaSanduku

Harufu sasa. Harufu haipo sana kwenye poda, ipo kwenye kipedi, kwa sababu manyoya na nyuzi hushika mafuta ya marashi kuliko unga. Kwa hiyo kipedi usikifue. Usikianike juani. Kiweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa chuma unaobana, uizungushie karatasi ya alumini kuzuia mwanga. Usiweke kwenye mfuko wa polithini: plastiki hiyo inapitisha harufu, na yenyewe inainywa. Chupa iwe ndogo. Nafasi tupu ikiwa kubwa harufu inajaza nafasi hiyo na kila ukifungua inatoka yote. Fungua mara chache.

Kabla ya hapo hakikisha hakina wadudu. Sufu na manyoya, ya wanyama na ya ndege, ni chakula cha viwavi vya nondo wa nguo. Dalili ni uzi uzi kama utando, punje kavu za mavi, na mapengo yaliyokatwa. Kifunge ndani ya mifuko miwili, toa hewa, weka kwenye friza ya nyumbani ya sentigredi −18 kwa wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, maana unyevu wa hewa ya nje utageuka maji juu yake. Kikopo chenyewe kisiingie friza kamwe: chuma, kioo na enameli hunywea kwa viwango tofauti, ua litaruka.

Poda iliyopasuka: utaambiwa uiponde, umiminie spiriti, ugandamize kwa sarafu iliyofungwa kitambaa. Kwa poda ya wiki iliyopita, sawa. Kwa hii, ukiponda umefuta kile kishimo na chapa iliyopigwa juu yake, na spiriti itachukua harufu uliyokuwa unaitafuta. Acha vipande vitatu vikae vitatu. Duara la karatasi isiyo na asidi juu, sponji nyembamba juu yake, funga. Haitatingishika.

Unyevu uwe kati ya asilimia 40 na 50. Vifuko vya silika vinafaa, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya, lakini vile vidogo vikikaa wazi siku mbili vinakuwa vimeshiba na ni mapambo tu. Nunua vile vya chembe zinazobadilika rangi ujue vimejaa lini.

Kitu kingine. Kama boksi hilo hilo lina kitana, kioo cha mkono au kikasha cha plastiki ya zamani kinachofanana na pembe za ndovu au gamba la kasa, kinuse. Kikinuka kafuri, huenda ni seluloidi. Hiyo ikizeeka hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma kilicho karibu, na inashika moto upesi mno. Iondoe, iweke peke yake mahali penye hewa, pasipo chombo cha kufunga kabisa. Ukijani ukiwa upande mmoja tu wa kikopo, mara nyingi jirani wa upande huo ndiye mwenye kosa.

Krimu usiifungue mpaka useme karatasi ina maneno gani. Hata herufi mbili tatu. Tumia mwanga wa tochi uliolazwa ubavuni.

---

Kifungua_mimba

Asanteni sana. Majibu: ukijani upo pande zote za bawaba, hakuna plastiki humo. Weupe wa lipstiki uliyeyuka kwa sindano. Kwenye krimu yanasomeka maneno mawili tu, silver na jewellery, na mstari wa juu una sehemu ya neno inayoishia na "...tening". Ndani, ukitazama kupitia kioo, imekuwa kijivu.

Swali la nyongeza: mama anataka kikopo kitumike, si kiwekwe kabatini. Kuna namna? Na nitajuaje ni cha miaka gani? Yeye anasema "kabla sijaolewa" basi.

---

MtunzaSanduku

Hiyo krimu ifunge sasa hivi kwenye mifuko miwili ya zipu, usiifungue tena hata kwa kunusa. Onyo la kutogusisha krimu na fedha, dhahabu, alumini au vito ni dalili ambayo Shirika la Afya Duniani linaitaja ya krimu zenye zebaki, kwa sababu zebaki hushikamana na madini hayo. Neno linaloishia na "...tening" karibu hakika ni la kung'arisha ngozi, yaani whitening au lightening. Na misombo ya zebaki huwa ya kijivu au nyeusi ikipigwa na mwanga. Dalili tatu zimekutana.

Kwenye karatasi za krimu za namna hii tafuta pia majina ya zebaki: mercury, mercuric, mercurous, calomel au Hg. Ila kukosekana kwa maneno hayo hakuthibitishi usalama, nyingi haziandiki. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka ukomo wa 2020 kwa vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kukifuta hata kiwango hicho ifikapo 2025, yaani zebaki yoyote iliyoongezwa kwenye kipodozi hairuhusiwi. Zebaki huingia kupitia ngozi, huvukiza, na huumiza figo na mishipa ya fahamu. Haiishi nguvu kwa kuzeeka.

Najua utataka kubaki na kile kikopo cheupe. Kukiosha nyumbani hakufai: maji yanapeleka zebaki kwenye bomba, na karatasi yenyewe imeshanyonya. Ipige picha karatasi kupitia mfuko, ubaki na picha. Kikopo kipelekwe panapopokelewa taka za sumu. Kama hujui pa kupeleka, uliza mamlaka ya mazingira au idara ya afya ya eneo lako. Usikitupe kwenye taka za nyumbani wala usikichome moto, ukichoma utavuta mvuke wake. Osha mikono kwa sabuni, na ile meza ulipokuwa umekiweka ipanguse kwa karatasi yenye maji na sabuni, karatasi hiyo iingie mfuko uleule. Kama kikopo cha poda kilikuwa kimekaa nacho na krimu ilivuja, rudi hapa kabla hujakigusa.

---

Fundi_Bawaba

Kutumika kinaweza, na mama ana haki. Kishikwe tu kwa mikono mikavu, na kisifungiwe kwenye droo yenye unyevu.

Kinachotakiwa ni kisahani kingine. Kile cha zamani, na poda yake na kishimo chake, kitoe kizima, kiweke kwenye kiboksi cha bati au karatasi ngumu isiyo na asidi, kimelazwa. Halafu pima nafasi kilipotoka kwa vernia, kile kipimio cha taya cha mafundi: kipenyo cha ndani sehemu tatu tofauti, maana vikopo vilivyobanwa begini huwa si duara kamili, na kina kutoka chini hadi kwenye kioo kikiwa kimefungwa. Kisahani kipya kiwe pungufu ya kipenyo kidogo kabisa kwa nusu milimita. Vingi vya poda ya kugandamizwa vinauzwa vitupu vikiwa na milimita 59, kwa hiyo usikate tamaa kabla ya kupima. Kina nacho kitazame: poda, kipedi kipya na mfuniko vikigusana kwa nguvu, kioo ndicho kitakachopasuka.

Usigundishe. Chini ya kikopo laza duara la sumaku ya karatasi ya nusu milimita, ile inayopinda, ishikwe na utepe mwembamba wa pande mbili unaobanduka. Kisahani kinakaa juu yake na kinatoka kwa kukiinamisha.

Ulimi wa kufungia ukiwa umelegea, upinde kidogo sana kwa koleo lililofungwa ngozi, mara moja. Shaba ikipindwa mbele na nyuma inakuwa ngumu na kukatika. Ukikosea upande, iache, shonea kifuko cha kitambaa chenye kamba.

---

Nta_na_Wanja

Umri: geuza kikopo, tazama chini na ndani ya mfuniko. Maandishi ya West Germany ni kati ya 1949 na 1990. Anwani ya Marekani yenye tarakimu tano mwishoni ni 1963 au baadaye. Mistari ya kusomwa na mashine, kama boksi la nje lipo, haiwezi kutangulia 1974, maana mwezi Juni mwaka huo ndipo iliposomwa dukani mara ya kwanza. Alama ya kopo lililofunguliwa mfuniko na namba kama 12M (miezi ya kutumia baada ya kufungua) ni ya 2005 na kuendelea. Ukiikuta, basi kisahani kimebadilishwa njiani na poda unayoitunza si ya usichana. Namba ya hataza (patent) inakupa mwaka wa mapema tu, si mwaka wa kutengenezwa, kwa sababu kiwanda huendelea kuipiga kwa miaka mingi.

Mama yupo, muulize mambo madogo: ilinunuliwa au alipewa, ilikuwa ya kila siku au ya shughuli, alichotea kwa kipedi au kwa kidole. Andika kwenye kikaratasi kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu unatambaa na kufifia. Na msiogope, kalamu ya risasi haina risasi.

---

Kifungua_mimba

Krimu imefungwa, haikuwahi kuvuja. Kisahani cha poda kimetoka salama kwa pengo la ukucha. Nafasi ni milimita 59.8, 59.6 na 59.7. Chini ya kile kisahani cha zamani kuna kikaratasi cha duara kimebandikwa, kina namba iliyoandikwa kwa mkono. Kisahani kipya cha milimita 59 nilichopata sumaku haikishiki.

---

Fundi_Bawaba

59 ndani ya 59.6, kitacheza kidogo tu, sawa. Hakishikwi kwa sababu ni alumini. Nunua duara la chuma la kubandika la milimita 20, unene wa robo milimita, libandike mgongoni mwa kisahani kipya katikati. Kikaratasi cha namba usikibandue: huenda ndiyo namba ya rangi ya poda, iandike hivyo kwenye maelezo yako na kikaratasi kibaki kilipo.